Usubi wa Awuor

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bahati imebisha! Daktari Wariara, bosi wetu maabarani, anachunguza usubi, wale nzi wadogo wanaouma kando ya vijito. Kwa macho wote ni sawa. DNA ndiyo huwatenganisha. Ameahidi kwamba atakayeleta buu lenye DNA isiyowahi kuonekana atachagua jina la nzi huyo. Kiptanui, mwenzangu wa kazi, akatangaza kuwa wake ataitwa Kiptanui. Mshamba! Wangu ataitwa Awuor. Tarehe ishirini na mbili mimi na Awuor tunafikisha mwaka wa ndoa. Mtaa wetu mzima wa Karagita, mke wa nani mwingine ana nzi wake?

Jumanne, 4 Machi

Kijito cha Kariandusi. Mawe mazuri yako sehemu ya juu. Nikamwambia Kiptanui huko kumeonekana nyati. Akashukuru sana, akashuka chini, tena akanisihi nijichunge. Roho iliniuma, ila si sana. Nikateleza, suruali kwisha. Mabuu yameng'ang'ania mawe, na brashi ya kuyabandua ikatawanyika nywele. Nikailamba ncha, jinsi Mama hulamba uzi kabla ya kuutia kwenye sindano. Ikachongoka! Nikailamba kwa kila buu. Kiptanui hawezi kufikiria kitu kama hicho.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Awuor. Akauliza kama nzi huyo anauma. Nikasema kidogo. Akauliza kwani hakukuwa na kipepeo. Lakini nilimwona akitabasamu akiosha vyombo, na muda si muda alikuwa amempigia Mama yangu kule Bungoma. Mama atatangaza kanisani! Anakuja na kuku siku yetu ya tarehe ishirini na mbili. Nzi asipopatikana, sura yangu nitaificha wapi?

Alhamisi, 20 Machi

Majibu! Daktari akasema DNA ya mabuu yangu haifanani na ya nzi yeyote. Nikaruka. Nikamkumbatia Kiptanui! Daktari akaniambia nikae. Inafanana na ya binadamu. Akauliza nilivyoyashika, nikamwonyesha, ulimi na yote. Kumbe ni mate yangu! Wueh. Kiptanui alicheka hadi akashikilia friji. Akauliza kama Awuor anajua ameolewa na buu.

Na nzi mpya amepatikana. Kule chini kijitoni. Wa Kiptanui.

Jumamosi, 22 Machi

Nyumbani sikuwa nimesema neno. Mama ameketi, kuku yuko mezani, Kiptanui huyo hodi! Nikatafuta pa kutorokea, lakini nyumba ni chumba kimoja. Akamwambia Mama nzi ataitwa Awuor, maana bila mimi kumwokoa na nyati asingeshuka kule chini. Awuor akalia kwa furaha. Nikalia pia. Nampenda huyu mwanamke, na hata yule mjinga simchukii. Kisha Mama akachukua firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mume wa nyumba, akamwekea Kiptanui. Mama yangu mzazi!

Jumatatu, 24 Machi

Kariandusi tena. Daktari amenipa brashi mpya na kuniapisha kwamba haitagusa mdomo. Natafuta nzi mwingine mpya, nimpe jina la Mama. Firigisi lazima irudi kwangu. Nimemwambia Kiptanui huku juu kuna chui. Akaniachia rungu lake nijikinge, akashuka mbio. Buu la kwanza, nono kweli. Brashi ikatawanyika. Nikatazama huku na huku. Nikailamba kidogo tu.