Saa ya Kengele Isiyotaka Kuamka

Jumatatu, 3 Juni

Bosi katangaza leo asubuhi, kasimama mlangoni mwa karakana na kikombe chake cha chai. Kazi ni saa ya kengele ya shule. Mlinzi wa shule anaiwasha asubuhi, yenyewe inahesabu vipindi na kupiga kengele, jioni anaizima ili kutunza betri. Ijumaa Mwalimu Mkuu atajaribu saa mbili, yangu na ya Bi Kipimo. Atakayeshinda ndiye Fundi Mkuu wa karakana.

Habari njema! Hasa kwa sababu mama mkwe nilishamwambia kwamba mimi ni Fundi Mkuu tangu mwaka jana. Si uongo. Ni ukweli uliotangulia kufika. Mama mkwe yuko kwetu, amekuja kumwona mjukuu wake, na jirani zetu wote sasa wananiita Mkuu. Nimezoea. Inanipendeza. Nikishindwa Ijumaa, itabidi nihame mtaa.

Bi Kipimo meza yake inatazamana na yangu. Jina hilo nilimpa mimi, maana mwanamke huyu hawezi kunywa maji kabla ya kuyapima joto. Kanisikia siku moja, kalipenda, kaliandika kwenye sanduku lake la vifaa. Hata kutukanwa hajui.

Moyo wa saa yetu ni kipande cha kristali kinachotetemeka kwa mdundo mmoja usiobadilika. Transista ndiyo inayokisukuma, na transista nayo inataka mkondo kidogo wa umeme wa kuiweka macho. Kidogo kiasi gani? Hapo ndipo zinapopimwa akili. Bosi anapenda betri idumu hadi wajukuu waikute. Basi nimetoa drooni rezista kubwa kuliko zote na kuubana mkondo mpaka unapita kwa kunyata. Saa imetembea mchana kutwa! Bosi kachungulia mita, kacheka peke yake.

Bi Kipimo kaniuliza kama nimeijaribu ikiwa baridi. Wivu mtupu.

Jumanne, 4 Juni

Baridi kali asubuhi. Nimewasha saa. Kimya. Nimezima, nimewasha. Kimya. Nimeiombea. Kimya.

Nikaugusa mguu wa kristali kwa kidole nione kama umelegea. Ikaamka! Nikatoa kidole. Ikaendelea! Sina maelezo. Sihitaji maelezo. Nina kidole.

Bosi alipokuja nimemwambia kwamba saa yangu huanza kwa ukaguzi wa mguso, utaratibu wa kisasa. Kaniuliza nani atakuwa anagusa huko shuleni. Nikasema tutalijadili wakati wake.

Bi Kipimo kasikia, na Bi Kipimo akisikia hanyamazi. Kasema kristali ni kama mtoto kwenye bembea: kumwanzisha kunataka nguvu, kumwendeleza kunataka kidole tu. Mkondo wangu, kasema, unatosha kuendeleza na hautoshi kuanzisha. Na saa inayoamka kwa sababu imeguswa ni mgonjwa, si saa. Nikamshukuru kwa mhadhara. Nikamwambia ajihadhari asije akachoka, Ijumaa bado.

Nilipofika nyumbani mama mkwe kanipakulia mimi kwanza. Kasema Mkuu lazima ale vizuri. Nimekula, lakini sikumtazama usoni.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamka na jibu! Kama mkondo mdogo hauamshi, mkubwa utaamsha. Nashangaa hakuna aliyefikiria kabla yangu. Nimetupa rezista kubwa, nimeweka ndogo. Nimewasha. Imeamka kabla sijatoa mkono kwenye swichi! Nimezima, nimewasha, nimezima, nimewasha. Nimemtazama Bi Kipimo kila mara. Kajifanya anapima kitu.

Saa sita transista ilikuwa ya moto. Saa nane betri ilikuwa imekufa, Mungu ailaze pema. Bosi kashika transista kwa bahati mbaya, kanyonya kidole mbele ya wafanyakazi wote. Kaniuliza kama huu nao ni ukaguzi wa mguso. Watu wamecheka mpaka wa ofisi ya pili wakaja kuuliza kuna nini.

Mke wangu kanishauri jioni nimwombe Bi Kipimo anielekeze. Kasema kuuliza si ujinga. Nikamwambia taratibu kwamba Fundi Mkuu haulizi, huulizwa. Kanikumbusha kwamba mimi si Fundi Mkuu. Nikamwomba apunguze sauti, mama yake yuko sebuleni.

Mama mkwe kachungulia mlangoni muda uleule. Moyo ukanilipuka. Kumbe alitaka tu kusema kwamba Ijumaa atakuja shuleni kuniona kazini. Gauni lake keshalipiga pasi.

Nimeogopa. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 6 Juni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Bi Kipimo alipokwenda kula, nilivuka upande wake. Nimeona ujanja wake wote. Ana transista ya pili, kazi yake ni kumchunga yule mtoto wa bembea. Kristali ikiwa imelala, mlinzi huyu anafungulia mkondo mwingi. Ikishapata nguvu ya kutetemeka, anaubana. Basi! Jambo dogo hivyo, na mwenzangu kalipimia siku nne. Ningeligundua mwenyewe kama ningekuwa na muda.

Nimelinakili lote, waya kwa waya. Bodi yake, kibao chenye vipande vyote vya saa, alikuwa ameibana kwenye jiliwa, uso umeelekea ukutani, kwa hiyo nimechora kwa upande wa nyuma wenye lehemu. Upande ni upande.

Nimeunganisha mchana, jua limewaka, karakana kama tanuri. Saa imewaka vizuri nikiwa nimeishika mkononi. Bosi kasema sasa naanza kufanana na fundi. Bi Kipimo kaitazama bodi yangu kwa muda mrefu, kafungua mdomo, nikamkata kauli. Nikamwambia kila mtu ale kwa jasho lake. Kafunga mdomo. Hatimaye!

Ijumaa, 7 Juni

Kweli, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Tumefika shuleni ukungu haujaondoka. Wanafunzi wamepangwa mstari, Mwalimu Mkuu mbele yao na fimbo yake ya kuelekezea. Mama mkwe kapewa kiti miongoni mwa walimu. Kawaambia walimu mimi ni nani. Wamempa na chai.

Saa ya Bi Kipimo: ikawashwa, kengele ikalia. Ikazimwa, ikawashwa, ikalia. Mwalimu Mkuu kaidumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi ndani ya mfuko wa nailoni, katoa, kawasha, ikalia. Maonyesho tu.

Yangu ikawashwa. Kimya. Mstari wa mbele wakaanza kukohoa. Nikasogea kufanya ukaguzi wa mguso. Mwalimu Mkuu kaniagiza nirudi nyuma. Nikajifanya nafukuza nzi, nikaugusa. Ikaamka! Kengele ikalia, mama mkwe kapiga makofi. Mwalimu Mkuu kasema sawa, tuione ikiendesha asubuhi nzima.

Imeendesha. Somo la kwanza lilikwisha kabla mwalimu hajamaliza kuita majina. La pili lilikwisha akiwa anatafuta chaki. Mapumziko yamekuja, yamepita, yamekuja tena. Chai ya saa nne haijachemka, kengele ya kurudi nyumbani imelia! Wanafunzi wametoka kama mchanga kwenye gunia lililotoboka. Wamenibeba juu juu kuzunguka uwanja, wakiimba. Kwa dakika hizo chache nilikuwa mkuu kuliko wote.

Kisha wakanishusha mbele ya Mwalimu Mkuu.

Bi Kipimo kaeleza mbele ya watu, bila kuulizwa. Ukinakili bodi kwa mgongo, kulia kunakuwa kushoto. Kwa hiyo mlinzi wangu wa mkondo anafanya kinyume: kristali ikilala anainyima, ikiamka anaimwagia. Nayo ikisukumwa kupita kiasi imeruka mdundo wake na kushika mwingine, wa kasi mara tatu. Kasema jana alitaka kuniambia. Bosi kamtangaza Fundi Mkuu palepale, kwa sauti ambayo hata mpishi wa shule kaisikia.

Mama mkwe kaweka kikombe chini. Hakuniangalia. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na sitaifanyia mzaha hapa.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kaniita sebuleni baada ya chai. Mtoto alikuwa amemlalia begani. Kasema, kwa upole, kwamba alijua tangu siku aliyofika. Mke wangu alimwambia. Kanyamaza wiki nzima akingoja nimwambie mwenyewe, na kanifungulia mlango mara nyingi nisiingie. Kasema binti yake hakuolewa na cheo. Kasema fundi wa kawaida anayesema kweli anamtosha kabisa, na kwamba njia ya mwongo ni fupi, mwanangu.

Machozi yalinilenga. Kweli kabisa. Nilitaka kusema nisamehe mama. Neno lilikuwa ulimini.

Nikamwambia kwamba cheo cha Bi Kipimo ni cha muda tu. Kwamba Bosi aliniomba nimwachie makusudi, kwa sababu Jumatatu natangazwa Naibu Mkurugenzi.

 Mama mkwe kamkabidhi mke wangu mtoto, kaenda chumbani, kafungua begi alilokwisha kulifunga kwa safari, karudisha nguo zake zote kabatini. Kasema haondoki tena kesho. Kasema jambo kubwa namna hiyo sharti alishuhudie kwa macho yake.

Amefurahi sana, masikini. Nina kesho nzima ya kupata ofisi.