Madoa Tisa kwenye Sketi ya Bibi

Jumapili, 3 Machi

Tik. Sauti ya mrija wa chuma kugonga meno ya bandia ya Bibi Haydée. Tumerudi tangu mchana na bado naisikia. Kilomita kumi na nne kutoka nyumbani hadi makaburini, tik tisa. Nilizihesabu. Bibi alizihesabu pia, kwa penseli, akiwa ameketi kwenye benchi la mlangoni mwa makaburi na kuinyoosha sketi yake nyeupe magotini. Kila tik, doa moja la chai. Kisha akaenda kumtangazia Babu kaburini: "Osvaldo, huyu wa chuo kikuu, tisa."

Nimeduwaa. Mimi, mwaka wa tatu wa uhandisi.

Niyaandike masharti yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Babu alifariki Novemba. Ameacha gari la michezo, jekundu, la fiba, alilolijenga bandani kwa miaka minane. Injini iko nyuma, pua nyepesi kama boksi la viatu. Aliliita Nyigu. Aliyemshikia tochi miaka yote minane ni mimi. Binamu yangu Fabricio hakumshikia hata msumari. Lakini Bibi anasema mjukuu ni mjukuu. Kila mmoja atampeleka makaburini Jumapili mbili, huku yeye akinywa chai yake ya kibuyu, ile inayonyonywa kwa mrija wa chuma. Mwenye safari yenye madoa machache zaidi anamchukua Nyigu.

Fabricio akimpata atampaka rangi ya maziwa na kumkodisha kwa maharusi. Ameshasema, na alisema akitafuna.

Tatizo ni usukani. Barabara yetu imenyooka kama rula, soya kushoto, soya kulia, hakuna kona hata ya dawa. Ukipiga chafya, Nyigu yuko upande wa pili wa barabara. Ukifikiria tu kugeuka, ameshageuka. Niliushika kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zangu zote, mpaka vidole vikafa ganzi. Tik.

Jumanne, 5 Machi

Kurasa nne za hesabu. Jibu liko wazi: pua haina uzito, magurudumu ya mbele yanagusa lami kwa adabu tu. Babu alikosea. Inauma kuandika hivyo kuhusu mtu niliyempenda kuliko wote, lakini namba ni namba.

Nikampelekea Fundi Hermes kurasa zangu. Yeye na Babu walifunga usukani huo pamoja. Alizisoma zote nne, akaziangalia na kwa nyuma, akasema usukani uko vilevile tangu siku ya kwanza, ndivyo ulivyoagizwa. Nikamwambia basi uliagizwa vibaya. Akacheka hadi akakohoa, akaniuliza kama nimekula.

Sikumuuliza uliagizwa na nani. Nilikuwa na haraka ya mchanga.

Jumatano, 6 Machi

Kilo hamsini za mchanga kwenye buti, ambalo kwa Nyigu liko mbele. Kilomita mbili za raha. Alikwenda kama treni. Niliimba.

Kisha mbwa wa daktari wa mifugo akavuka barabara. Nikafunga breki. Mfuko ukapasuka. Sikujua kwamba tundu la kuingizia hewa linaanzia ndani ya buti. Nikawasha feni nipate kupumua, na mchanga wote wa Mto Paraná ukanijia usoni.

Mbwa hajambo. Mimi bado natema mchanga.

Ijumaa, 8 Machi

Wazo bora zaidi. Usukani ukiwa mpana, mkono husafiri zaidi, gari hugeuka kidogo. Nyuma ya gereji ya Hermes kuna basi la shule lililokufa zamani. Usukani wake una upana wa sinia la harusi. Nikaufunga kwa Nyigu asubuhi nzima nikiwa nimejikunja chini yake. Ulikaa vizuri ajabu.

Ndipo nilipogundua kwamba niko ndani na usukani uko juu ya mapaja yangu, na mlango haunisaidii. Magoti hayatoki. Spana ilikuwa nje, juu ya paa, mahali nilipoiweka kwa makini nisiipoteze.

Aliyenikuta ni Fabricio. Bila shaka. Alizunguka gari mara mbili, akiwa na mikono mfukoni, akauliza, "Injinia, basi linaondoka saa ngapi? Nina mizigo." Nikamwomba spana. Akasema abiria hawaruhusiwi kuzungumza na dereva. Akapiga picha, akaenda kula, akarudi, ndipo akanipa.

Mji mzima umeiona picha hiyo. Mwokaji mikate leo jioni ameniuliza nauli.

Jumapili, 10 Machi

Zamu ya Fabricio. Usukani wa zamani umerudi mahali pake.

Mjanja yule. Alijitolea kumtayarishia Bibi kibuyu, akakijaza majani mpaka juu, maji yakakosa pa kukaa. Kitu ambacho hakipo hakimwagiki. Nilishtuka kwamba wazo hilo sikulipata mimi. Bibi alinyonya mara moja, akasema chai hii inataka uma na kisu. Akayamwaga majani dirishani, akatayarisha upya mwenyewe, maji hadi ukingoni.

Hata hivyo, madoa saba. Saba! Na huyu ni mtu anayeuza vipuri vya trekta.

Kule makaburini, nilikowatangulia kwa basi, alitoa futi ya kupimia akapima pua ya Nyigu, kujua utepe wa harusi uwe na urefu gani. Alipima akiwa ameegemea jiwe la Babu. Nilimwona Bibi akimwangalia.

Ninahitaji sita. Bibi amesema safari za pili zitaanza na mimi, wiki ijayo. Nikimpoteza Nyigu, sina kingine cha Babu. Tochi yenyewe ilizikwa naye, kwa pendekezo langu.

Jumatano, 13 Machi

Mlango wa jikoni kwa Bibi una ule mkono wa mafuta unaoufanya ujifunge taratibu, bila kubamiza. Niliutazama ukijifunga wakati nakunywa supu. Upole ule. Subira ile. Nikaelewa kwamba Nyigu anakosa subira.

Saa tisa alasiri mkono huo ulikuwa umeshafungwa mbele ya gari, ncha moja kwenye chuma kinachovuta magurudumu, ncha nyingine kwenye fremu. Mtetemo wote ukaisha. Usukani ukawa mzito, mtulivu, kama mtu aliyekwisha kuungama.

Lakini mkono wa mlango una kazi moja tu duniani, nayo ni kufunga mlango. Nilipofika uwanja wa katikati ya mji, Nyigu alianza kujifunga. Taratibu, kuelekea kushoto. Nilivuta kulia kwa nguvu zote. Akaendelea kujifunga. Nilizunguka sanamu ya jenerali mara tatu mbele ya wazee wanaocheza karata, nikiwasalimia kila mzunguko maana ningefanya nini. Mzunguko wa tatu waliacha karata.

Nyumbani kwake, Bibi anauliza kwa nini mlango wa jikoni unabamiza. Nimesema ni upepo.

Jumapili, 17 Machi

Naandika nikiwa na kitambaa cha maji baridi gotini.

Niliondoa kila kitu, nikaenda na Nyigu alivyo. Nilikaza meno, nikakaza mabega, nikaukaba usukani. Kilomita ya tisa lori la soya likatupita, upepo wake ukatusukuma, tik, tik. Doa la sita. Bado kilomita tano.

Bibi akaniamuru nisimame. Nikadhani ameungua. Akashuka, akazunguka pua ya gari polepole, mkono mmoja kiunoni, akafungua mlango wangu. Akasema, "Sogea, mama. Shika chupa ya maji ya moto. Utanimiminia wewe."

Ana miaka themanini na mbili. Nikamkumbusha leseni yake iliisha muda. Akasema na subira yake pia.

Aliendesha kwa vidole viwili. Viwili, vya mkono wa kushoto, kama mtu anayeshika ukurasa asipoteze alipofikia. Mkono wa kulia ulikuwa na kibuyu. Nilitazama mshale wa spidi: mia moja na thelathini. Lori jingine likatupita. Nyigu akainama kidogo na kuinuka, naye akamwacha ainame. Akanyonya mpaka mwisho, akanirudishia kibuyu nijaze. Hakuna tik. Hakuna tone. Nilimimina mimi, nikajiunguza goti.

Akasema Babu naye alikuwa akijiunguza palepale, tangu gari lao la kwanza. Nyigu alijengwa kwa ajili ya Bibi, usukani ukafungwa alivyoagiza Bibi mwenyewe. Babu aliogopa hata kumtoa bandani, kazi yake ilikuwa kumimina chai. Yale makovu madogo magotini mwa Babu, niliyoyajua tangu utotoni. Nilidhani ni cheche za kulehemu. Miaka minane ya tochi na sikumuuliza hata mara moja gari ni la nani.

Kaburini alitangaza: Fabricio ameondolewa, huwezi kupima utepe juu ya mume wa mtu. Mimi nimebaki, lakini Nyigu hanipi bado. Nitampeleka Bibi makaburini kila Jumapili, na siku sketi itakaporudi nyeupe, ufunguo ni wangu. "Usukani hauna wazimu," akaniambia. "Mikono yako ndiyo inayoropoka. Legeza. Na usiguse tena kitu chochote kwenye gari, na ule mkono wa mlango wangu uurudishe."

Nililia njia nzima ya kurudi. Alijifanya anaangalia soya.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeamka na utulivu ambao sijawahi kuwa nao. Nimeelewa kila kitu. Kosa si la Babu. Kosa si la Nyigu. Kosa ni mikono yangu, Bibi ameliona kwa kilomita tisa tu. Mikono inayoropoka.

Nimeandika kurasa tano. Ikiwa mikono inaropoka, basi ni lazima usukani usisikie vizuri. Ni hesabu nyepesi: ukipunguza meno ya gia ndogo ndani ya boksi la usukani, neno moja la mkono linafika kwenye magurudumu likiwa nusu neno. Mjini Rosario kuna fundi anayechonga gia hizo. Wiki tatu, amesema kwenye simu, labda nne.

Bibi alikataza kugusa kitu chochote kwenye gari. Nimelitafakari hilo kwa uaminifu. Kitu kilichokwisha kutolewa hakiko tena kwenye gari.

Boksi la usukani limeondoka na basi la saa nne asubuhi, limefungwa ndani ya sketi yangu ya zamani. Bibi ameshanipigia simu mara mbili. Anasema leo upepo umetulia, tusingoje Jumapili, nimkute bandani.

Mkono wa mlango nimeurudisha.