Malango Mawili ya Sib

Jumatatu, 12 Oktoba 1970

Nimeazimia kumposa Bi Kheiria. Mjane, mstahifu, tena msomaji. Pingamizi ni moja: jirani yangu Amur, mwenye kazi serikalini na gari la serikali. Juzi alimtembeza hadi Maskati mjini. Mimi nina kimashua tu.

Lakini nina kitabu! Ndani mna picha ya mfereji wa Ulaya wenye malango mawili. Chombo huingia kati, lango la nyuma hufungwa, la mbele hufunguliwa taratibu, na maji hukiinua chombo kwa adabu. Nyuma ya ufuko wetu wa Sib lipo bwawa lililoinuka kuliko bahari. Kivuli cha mitende. Gari halifiki!

Jumatano, 14 Oktoba

Bakhit seremala, mwanafunzi wangu wa zamani huko Unguja, amemaliza kuchimba mfereji. Nilisimamia. Malango ni mlango wangu wa sebuleni na wa jikoni. Mbuzi wameingia nyumbani, wamekula pazia.

Amur akapita. "Maalim, nyumba umeifungua, bahari unaifunga?"

Nikaikagua. Sentensi haikuwa na kosa.

Alhamisi, 15 Oktoba

Bamvua. Maji yamejaa. Bi Kheiria amekuja! Akapanda na birika lake la kahawa. Tukaingia kati ya malango. Salama. Lango la bahari lilikuwa bado wazi. Nilikuwa karibu kuagiza lifungwe. Bakhit, aliyeshika kamba ya lango la bwawa, akapaza sauti: "Maalim, nifungue?"

Nifungue! Mbele ya mgeni! Nikamweleza kwamba aliyefungwa si yeye, ni lango, na lango lina kiambishi chake. Akanikodolea macho. Nikamtamkia neno lenyewe, silabi kwa silabi, kwa sauti ya darasani: "Li-fu-ngu-e!"

Akalifungua.

Bwawa zima likaja. Tulitoka kinyumenyume hadi baharini, sisi, birika, na mlango wa jikoni. Amur aliingia majini na suruali yake ya kazi, akatuvuta kwa kamba, akasema "Pole, Maalim" mara nne. Mara moja ingetosha.

Bi Kheiria aliketi mchangani akicheka hadi machozi. Dada yangu Masouda asema hajamsikia akicheka tangu tuondoke Unguja. Ninakhofia ni homa.

Kosa ni la Bakhit.

Jumamosi, 17 Oktoba

Barua! Mwandiko wa Bi Kheiria! Amur alimwalika tena garini, naye amekataa. "Maalim, njoo leo alasiri, kahawa ipo. Nnakungoja."

Nimeisoma mara saba. Moyo ulinienda mbio kama wa kijana. Mara ya nane nikaona. "Nnakungoja"! N mbili zimegongana, irabu haipo! Mwanamke msomaji!

Nikachukua wino mwekundu, nikatia i mahali pake, nikaandika pembeni "Nakili upya", nikairudisha kwa mkono wa Bakhit. Atashukuru.

Adhana ya alasiri imekwisha. Nimevaa kanzu mpya, nimejitia udi, nimeketi barazani. Ninaingoja nakala safi.