Bibi Aliyetikisa Kichwa

Jumatatu, 10 Novemba

Mwanangu Rumena amemwaga mtindi juu ya kamusi sasa hivi, kisha akaubusu ukurasa. Sikumgombeza. Mwaka mmoja na nusu, anajua nini? Nimemfuta mdomo, nikafungua simu. Mwalimu Hadzhiev amekataza roboti la kutafsiri la kwenye simu. Kila mtu aitafsiri hadithi ya lugha yetu kwa Kijerumani mwenyewe. Rahisi kwake, hana mtoto. Nikifaulu kozi hii ya jioni, ofisi ya tafsiri karibu na stesheni itanichukua. Nikifeli, kiwanda cha soksi mpaka nizeeke. Roboti limemaliza kwa dakika moja. Nimenakili kwa mkono, nikaongeza makosa mawili ili kazi inuke jasho langu. Nimeisoma yote. Safi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimefedheheshwa. Kwenye hadithi, bibi mgonjwa anaulizwa kama yuko tayari kwenda hospitali. Anatikisa kichwa, wanampakia garini. Mwalimu kaniuliza mbele ya watu kwa nini nimemteka nyara bibi wa watu. Nikasema katikisa kichwa, kakubali. Akasema hapa kwetu Pleven, sawa, kutikisa ni ndiyo na kuinamisha ni hapana. Kwa Mjerumani, anayetikisa kichwa amekataa, kwa hiyo huko polisi wananitafuta. Darasa likacheka. Na wanane kati yao wamemteka bibi huyo huyo!

Zornitsa, tunayesoma naye, hakumteka. Aliuguza wazee Ujerumani miaka miwili. Naye anatumia roboti, nimemwona, ila analikagua. Akanishika bega, eti shoga yangu, roboti halijawahi kuwa na bibi. Shoga wa nani? Nimechemka hadi nimesahau mwavuli darasani.

Turudie, kasema mwalimu. Jumatatu, nafasi ya mwisho.

Ijumaa, 14 Novemba

Bado nina hasira. Mama mkwe kasema mwanangu, kaa uandike mwenyewe polepole, mtoto nitamshika mimi. Nikashukuru. Nikakaa. Sentensi mbili kwa saa nzima, na zote mbili mbaya. Wajerumani nao, kwa nini wasitikise vichwa kama watu?

Jumapili, 16 Novemba

Rumena amelala begani kwangu, anapumua kama kitoto cha paka. Kwa ajili yake nitapata ile ofisi. Nimeliamuru roboti ligeuze vichwa vyote: anayetikisa, akiinamishe, anayeinamisha, akitikise. Limetii bila maneno, si kama watu fulani. Nimekagua kama Zornitsa. Bibi anakwenda hospitali kwa hiari yake. Farasi aliyekuwa akitikisa kichwa kufukuza nzi sasa anakubaliana nao, lakini nani anajali farasi? Mbele ya picha ya Bikira Maria, bibi alikuwa ameinamisha kichwa, sasa anakitikisa. Vizuri zaidi, inaonyesha imani. Kesho mwalimu akifika hapo nitamtazama Zornitsa machoni, na nitamwambia, mama mkwe ananiita, pilipili zinaungua, naja mama, nitamwambia wazi kabisa kwamba mtu akishajifunza... naja, mama, naja!