Mwombaji wa Tangu 1654

Mwaka 1971 Ofisi ya Foleni za Nyumba jijini Stockholm ilitangaza, kwa heshima na taadhima, kwamba mwombaji wake wa siku nyingi kuliko wote amepatikana. Ni Tobias Penhallow, baharia wa Kiingereza.

Karani Severin ndiye aliyetumwa kunakili kumbukumbu za mahakama. Maisha ya Tobias yalikuwa humo, vipande vipande. Mwaka 1651 alimtwanga mpishi wa meli kwa ajili ya samaki wa chumvi. Baadaye alishtakiwa kwa kuvaa viatu visivyo vyake. Mwaka 1654 mama mwenye nyumba alimtoa nje na baridi ile, hakimu akaamuru mji umpe mahali pa kulala. Mji haukumpa. Kisha kimya. Severin alimhurumia kwa dhati.

Huruma ilimwisha Mkurugenzi Hallgren alipompa Tobias nyumba katika kitongoji cha Tensta, wakati zamu kwenye foleni ilikuwa ya Severin mwenyewe.

"Lakini Mkurugenzi, huyu alikwishakufa."

"Una cheti cha kifo?"

"Sina."

"Kuna mahali pameandikwa alihama?"

"Hakuna."

"Basi yupo. Ofisi hii haimruki mtu kwa sababu ya umri."

Na kwa kuwa mpangaji hakuonekana, sheria ilimtaka awe na msimamizi wa mambo yake. Hallgren akajiteua mwenyewe, magazeti yakampiga picha.

Huko Upplands Väsby, nje ya jiji, Adelina, mkewe Severin, alilala na mimba yake nyuma ya kabati, sebuleni kwa rafiki yao Cyprian.

"Yaani nyumba yetu wamempa marehemu?"

"Bado hajathibitishwa, mama."

"Nitazaa nyuma ya kabati, nawe unanisomea kanuni!"

Severin alifunga kitabu cha kanuni. Aliona aibu.

Majirani wa Tensta ndio waliochafua hali ya hewa. Wangemvumilia Tobias kwa mengi, lakini zamu yake ya kupiga deki ngazi ilifika, naye hakupiga. Wakashtaki. Bodi ya Ofisi ikaketi, ikanywa kahawa, ikaamua: mpangaji asipoonekana, msimamizi wake ahamie humo atimize wajibu. Na kwa kuwa hairuhusiwi mtu mmoja kushika nyumba mbili, ile ya Hallgren kule Östermalm, mtaa wa matajiri, vyumba vitano na piano yake, irudi kwenye foleni. Aliyefuata ni Severin.

Hallgren alikuja ofisini, kwenye dirisha la Severin, mikono ikinuka sabuni.

"Severin, acha mchezo. Huyo baharia amekufa!"

"Pole sana, Mkurugenzi. Una cheti?"

Tangu siku hiyo Hallgren hushinda kwenye kumbukumbu za mahakama, akimtafutia Tobias kifo. Adelina naye, kila apigapo magoti kando ya piano, humwombea baharia maisha marefu.