Malalamiko Kuhusu Kabati Dume na Mlango Jike

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Lugha,

YAH: SAMANI ZANGU KUPEWA JINSIA BILA MIMI FUNDI KUSHIRIKISHWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ofisi yako haina joto kama darasa letu. Mimi ni fundi seremala, mwanafunzi wako wa Kijerumani cha awali, yule mzee wa dawati la nyuma mwenye penseli sikioni. Nilijiandikisha kwa hiari yangu, kwa kuwa binti yangu aliolewa Ujerumani na kunizalia mjukuu, ambaye sasa ana miaka sita na Kiswahili chake kinaishia kwenye "Babu". Mwezi ujao anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Nataka tuzungumze. Hilo tu ndilo lililonileta kwenu, sikuja kugombana na mtu.

Hata hivyo yamenifika hapa, nami nayaeleza kwa mpangilio.

1. Wiki ya kwanza Mwalimu wetu, mama mpole wa Kijerumani, alitufundisha kwamba kila kitu duniani lazima kitanguliwe na neno dogo: "der" kwa vya kiume, "die" kwa vya kike, "das" kwa visivyo na upande wowote. Kijiko ni cha kiume. Uma ni wa kike. Kisu hakina upande. Niliuliza wamevikagua wapi, nikaambiwa nikariri. Jioni, tukiwa tunakula, nikamweleza mke wangu kwamba ameshika dume. Alikitazama kijiko, akanitazama mimi, akasema, "Basi dume lako ulioshe mwenyewe." Tangu siku hiyo vijiko vyote vya nyumba hii naviosha mimi.

2. Nilivumilia. Ili nisisahau, nilichukua chaki nikaandika juu ya kila kitu karakanani: meza, DUME, kiti, DUME, mlango, JIKE, kitanda, HAKIJULIKANI. Bahati mbaya kabati la yule mjane muuza dawa lilikuwa tayari kwenda, na vibarua wangu wakalipakia bila kulifuta. Likashushwa mchana kweupe mbele ya nyumba yake, majirani wote wako nje, limeandikwa DUME kwa herufi za ukubwa wa kiganja, huku watu wawili wakilisukuma kuelekea chumbani kwake. Jioni kaka yake alikuja kuniuliza nina maana gani na dada yake. Nilimweleza kuhusu Kijerumani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna mtu mwingine pale anayeweza kuongea naye.

3. Nilipoanza kuzoea kwamba meza ni "der", tukaambiwa inabadilika. Ukiwa unaweka kitabu juu yake, inakuwa "den". Kitabu kikishatulia, inakuwa "dem". Meza ni ileile, Mheshimiwa, haijasogea hata inchi. Na mlango, ambao nilihakikishiwa kuwa ni wa kike, ukisimama tu karibu nao unavaa "der", yaani shati la kaka yake. Nimetengeneza milango miaka thelathini na mmoja. Ipo iliyopinda, ipo iliyovimba kwa mvua, ipo iliyoliwa na mchwa. Sijaona hata mmoja uliobadilika jinsia kwa sababu mtu amesimama karibu.

4. Hili ndilo lililoniuma. Jumapili moja nilimwambia mjukuu wangu kwa simu, kwa Kijerumani, kwamba kitanda chake kiko tayari. Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi siku nne, nikiisema huku napiga randa. Ulimi ukateleza: badala ya "das" nikasema "der". Mtoto alicheka mpaka simu ikamdondoka. Nikamsikia akimnong'oneza mama yake, na binti yangu, ambaye hajui kuficha jambo, akanitafsiria: "Baba, anasema unaongea kama mtoto mchanga. Anauliza kama umeshaota meno." Jumapili iliyofuata simu ilipoita nilisingizia mtandao. Nikabaki nimekaa pembeni ya kile kitanda, nimekosa hata hamu ya kukipaka vanishi.

5. Nilipofungua kitabu chenu nitafute faraja, nikakuta neno "msichana" nalo ni "das". Yaani mjukuu wangu, anayecheka namna ile, ameorodheshwa kundi moja na kisu. Kama mnaweza kumkosea binadamu aliye mbele yenu, kwenye kabati mna uhakika gani?

Kwa hiyo naomba jinsia ya kila samani iamuliwe na fundi aliyeitengeneza, maana ndiye mzazi wake, na niko tayari kuziandikisha zangu zote ofisini kwako. Ikishindikana, Mwalimu mwenyewe amekiri kwamba vitu vikiwa viwili au zaidi, vyote huitwa "die" bila ubaguzi. Basi kuanzia sasa nitatengeneza kila kitu viwili viwili, na mteja wa meza moja atafute fundi mwingine.

Nisalimie karani wa mahudhurio, mama anayefuta ubao wetu, na wanadarasa wenzangu, hasa yule muuguzi anayeninong'oneza majibu, ingawa mengi si sahihi.

Wako mtiifu, anayesubiri jibu lisilo na upande,

Fundi Seremala, dawati la nyuma.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Mwalimu alipopita karakanani kuagiza rafu. Anajifunza Kiswahili, akaniambia, "Fundi, kiti yangu amevunjika, na mlango inalia." Nikamrekebisha: kiti changu kimevunjika, mlango unalia. Akataka kujua kwa nini kiti ni "changu", kabati "langu", meza "yangu", ufunguo "wangu", na funguo zikiwa mbili ni "zangu". Nikamwambia hayo hayana maelezo, hata mtoto wa miaka mitatu anayajua. Vibarua wangu walicheka mpaka wakaweka misumeno chini. Ameondoka amenuna, anasema atakuandikia barua ya malalamiko na tayari ana hoja saba. Ikikufika, tafadhali usiijibu. Hatuwezi kubomoa lugha ya watu kwa sababu mtu mmoja ni mvivu wa kukariri.