Cheti cha Sakafu, Cheti cha Tumbo

Ilitangazwa kwa fahari kuu, mbele ya wenye hoteli wote wa mji wa Isiolo, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayeteleza, kuungua wala kuumwa na tumbo pasipo maandishi.

Mtangazaji alikuwa Bwana Mungania, Mkurugenzi wa Idara ya Madhara Yatarajiwayo. Mwongozo aliuandika mwenyewe, naye aliupenda kama kifungua mimba wake. Kila hoteli ilitakiwa kuwa na bima tatu za dhima: ya sakafu, mteja akianguka; ya jikoni, mpishi akiungua; na ya tumbo, chakula kikileta balaa.

"Mama Nakolong wa Hoteli ya Kiwanjani! Una mbili tu. Ya tumbo iko wapi?"

"Mkubwa, mimi naonja kwanza. Kila sufuria, watu wakiona. Miaka kumi na tisa, nani ameumwa?"

"Kuonja si bima, mama. Ulimi wako haujasajiliwa."

Mkurugenzi akainua utepe mwekundu wa kufungia milango. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Wafugaji wa Oldonyiro wangeikuta hoteli imefungwa, na Nakolong angekosa riziki ya mwezi mzima.

Hata hivyo, sherehe ni sherehe. Mungania akaamuru chai na maandazi ya idara vipitishwe. Nakolong akakinusa kikombe, akakirudisha mezani.

"Onja kwanza, mkubwa. Kwetu mwenye nyumba hutangulia."

Mungania akautazama utando wa maziwa. Yalinunuliwa Jumatatu, leo ilikuwa Alhamisi, na jokofu la idara lilikuwa bado linasubiri kamati.

"Mimi... nimefunga."

"Umefunga na andazi mdomoni?" akauliza mzee Duale, mchoma nyama.

"Basi tuonyeshe cheti chako cha tumbo," Nakolong akasema, akiufunua Mwongozo. "Kifungu cha nne: 'Yeyote awapaye watu chakula au kinywaji.' Hukuandika 'isipokuwa Serikali.'"

Mungania alikuwa mtu wa kanuni. Yeye mwenyewe alikuwa akisema hivyo mara kwa mara. Alipekua kurasa sitini akitafuta upenyo. Hakuuona, maana alikuwa ameuandika Mwongozo vizuri mno. Akatoka nje, akaufunga utepe uleule kwenye mlango wa idara yake, akatia sahihi.

Siku ya mnada, kwa kuwa hakuwa na ofisi, Mkurugenzi aliketi Kiwanjani katikati ya wafugaji, sahani tupu mbele yake, akisubiri kwa adabu Mama Nakolong aonje.